Miaka ya Délice Kule Bondeni

Pale Mulongwe, mtaa wa Uvira kando ya mto, hakuna anayemwita Libérate kwa jina lake. Tangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza, majirani, wauzaji wa samaki wadogo wa ndagala wa njiani, hata wazazi wa watoto anaowafundisha, wote humwita Mama Délice. Ndiyo desturi, na mwanzoni aliipenda. Lakini ilipita miaka ambayo jina hilo lilimchoma kila lilipotamkwa, kwa sababu Délice mwenyewe hakuwapo nyumbani.

Libérate ni mwalimu wa maternelle, shule ya chekechea. Darasa lake ni la wadogo kabisa, wale wanaofika asubuhi wameng'ang'ania kitenge cha mama na mchana wanakataa kurudi nyumbani. Anawafundisha kunawa mikono, kungoja zamu, kutaja jina la baba na la mtaa, kushika chaki bila kuivunja. Anajua watoto hufanya nini na kwa umri gani. Anajua kwamba kuna wakati mtoto anayetaka maji husema "mayi" tu, na baadaye husema "mama, mayi", na kwamba kati ya hayo mawili kuna safari ndefu ambayo mtu mzima haioni asipokuwa karibu. Safari hiyo ameiona kwa watoto wengi. Kwa wa kwake hakuiona.

Yote yalianza na mto. Mwaka ule mvua ilipiga milimani kwa siku nyingi mfululizo, na asubuhi moja mto Mulongwe ukashuka umebeba mawe, migomba na matope. Jiko la Libérate liliondoka lote, na chumba cha kulala kikabaki na kuta mbili. Yeye na mume wake Frédéric, ambaye ni fundi wa kuchomelea milango ya chuma, walipata nafasi katika ukumbi wa kanisa pamoja na familia nyingine. Walilala juu ya mikeka, na saruji chini yake ilikuwa na unyevu. Délice alikuwa ametimiza mwaka karibuni tu, bado anatambaa. Akaanza kukohoa, kikohozi kile cha kifuani kisichompa mtoto hata nafasi ya kulia.

Akimana, mama yake Libérate, akapanda gari kutoka Kiringye, kule kwenye bonde la Ruzizi anakolima mpunga na mihogo. Aliingia ukumbini, akamwangalia mjukuu wake, akamwekea kiganja kifuani akasikiliza.

"Mutoto hatapona hapa," alisema. "Munipe nimubebe. Mukisha kujenga mutakuja kumuchukua."

"Mama, bado ananyonya."

"Hata weye ulikuwa bado unanyonya nilipokuachisha. Na uko muzima."

Frédéric alikubali kabla ya mke wake. Aliangalia chini, akasema nyumba haitachukua muda mrefu. Libérate alimfunga mtoto mgongoni kwa mama yake kwa mikono yake mwenyewe. Akakikaza kitenge, akakilegeza kidogo, akakikaza tena, mpaka Akimana akamwambia taratibu, "Inatosha, mwanangu. Gari itatuacha."

Maziwa hayakujua kwamba mtoto ameondoka. Yaliendelea kuja. Mtoto yeyote alipolia darasani, Libérate alihisi kifua kikijaa, na blauzi ikalowa mbele ya wanafunzi. Alijifunga kitenge juu yake, akaendelea kuimba nao. Vanessa, mwalimu wa darasa la pili, alimwona. Kesho yake alimletea majani ya kabichi ya kuweka kifuani, akayaacha mezani bila kusema neno, na Libérate akamshukuru hasa kwa huko kunyamaza.

Nyumba ilichukua muda. Frédéric aliijenga upya mbali kidogo na mto, na kila alipopandisha ukuta kitu kingine kilikosekana. Libérate alikuwa akipanda gari kwenda Kiringye alipopata nafasi mwisho wa juma. Safari ya kwanza alimkuta Délice amepona, mashavu yamejaa. Safari iliyofuata alimkuta anatembea.

"Alianza lini?" aliuliza.

Akimana alikuwa anamenya mihogo, hakuinua hata macho. "Juzi juzi. Aliachilia mulango akakuja mpaka hapa nilipo. Nikamupa kipande cha muhogo."

Akimana alilea watoto saba, na kwake kutembea kwa mtoto ni jambo linalokuja kama mvua za kupandia. Libérate alicheka pamoja nao, akampigia mtoto makofi, kisha akazunguka nyuma ya nyumba akakaa kidogo kwenye ukuta wa zizi la mbuzi. Alitaka kujua mguu gani ulitangulia. Alijua ni swali la kipumbavu, na hakuliuliza.

Kati ya safari na safari kulikuwa na simu. Akimana alikuwa akimwekea mtoto simu sikioni, na Libérate akamwimbia nyimbo za darasani, akamhesabia moja mpaka tano kwa Kiswahili, kwa Kirundi na kwa Kifaransa, akamuuliza kama amekula. Upande wa pili alisikia pumzi tu, nzito na karibu, kama mtoto ameiweka simu mdomoni.

"Mama, mbona hajibu?"

"Anajibu. Anatingisha kichwa. Anafikiri unamuona."

Libérate alikaa na maneno hayo siku nzima. Darasani alikuwa ameshaona watoto wakifanya hivyo, wakielekeza kidole kwenye simu ya baba yao ili aone kiatu kipya, na alikuwa akicheka na wazazi. Sasa alimfikiria wa kwake akiwa amesimama ndani ya kiwanja cha Kiringye, akimwambia mama yake ndiyo, ndiyo, bila sauti, na mama haoni.

Kisha mapigano yakashuka bondeni. Barabara ilifungwa, magari yakasimama, na watu wa vijiji vya bonde wakaanza kuingia Uvira wakiwa na magodoro kichwani. Libérate aliwauliza wote aliokutana nao kama wametoka Kiringye. Simu ya Akimana ilikuwa imezimika. Yeye aliendelea kwenda kazini kwa sababu watoto waliendelea kuja, na kwa sababu mbele yao hakuweza kulia. Frédéric alichomelea milango mpaka macho yakawa mekundu, na hakuna aliyemuuliza kama ni moto wa kazi au ni kitu kingine.

Siku moja saa za kutoka shule, namba ya Burundi ikaita.

"Tuko wazima," alisema Akimana. "Tulivuka Ruzizi na wenzetu. Tuko kwa dada yangu."

"Délice?"

"Iko hapa. Anakula kindizi."

Libérate akachuchumaa palepale uani. Vanessa aliwapeleka watoto getini peke yake siku ile.

Afadhali walikuwa hai, lakini mpaka nao ulikuwa umefungwa, na hapakuwa na njia ya kuwafikia. Kutoka ufukwe wa Uvira mtu anaiona Burundi yote imelala mbele yake, Bujumbura na milima ya nyuma yake, karibu kiasi cha kudhani ukiita utasikika. Jioni, akitoka kununua samaki, Libérate alikuwa akisimama pale na kuangalia upande wa kaskazini, kule bonde linapoanzia. Hakuona kitu ila kijani na vumbi. Hata hivyo alisimama.

Ndipo alipoanza kumpima mtoto wake kwa mtoto wa mwingine. Katika darasa lake aliingia mtoto aitwaye Héritier, aliyezaliwa karibu siku moja na Délice. Yeye na mama yake Héritier walikuwa wamekaa benchi moja kwenye kituo cha afya siku za chanjo. Héritier alipojua kuvua viatu mwenyewe, Libérate alijiambia Délice naye anajua. Héritier alipouliza "kwa nini" kwa mara ya kwanza, kisha akaiuliza asubuhi nzima mpaka wenzake wakachoka, Libérate alirudi nyumbani akamwambia Frédéric, "Sasa Délice anauliza kwa nini." Kila Héritier alipochora duara likafungika, moyo wake uliruka. Alimkalisha karibu na meza yake. Alimkata kucha. Kwenye simu alimuuliza Akimana mambo ya Héritier kana kwamba ni orodha ya mizigo: anapanda ngazi kwa miguu miwili? Anajua kwamba yeye ni msichana? Akimana alimjibu, "Huku hakuna ngazi," na kuhusu maneno akasema mtoto anasema *oya*, hapana, na kwamba neno hilo linamtosha kwa mambo yote.

"Ule mutoto unamugeuza kuwa rula," Vanessa alimwambia siku moja, wakifuta meza. "Iko na mambo yake. Délice naye iko na yake."

Libérate hakukasirika. Alijua ni kweli. Lakini tangu hapo alianza jambo ambalo mpaka leo hajaliacha. Saa za kuondoka anasimama getini, na kila mzazi anayekuja anampa kitu kimoja cha siku ile. Leo ameshirikisha mwenzake udongo wa kufinyanga. Leo amesema "jana" na kweli ilikuwa jana. Leo ameogopa radi akamshika mwenzake mkono. Wazazi wa mwanzo walidhani analeta malalamiko. Mama yake Héritier, anayeuza mafuta ya mawese na daima ana haraka, alikuwa akimvuta mtoto huku anaondoka. Sasa anatua beseni chini na kungoja ya kwake.

Délice alikuwa amepita miaka mitatu na nusu mpaka wa Burundi ulipofunguliwa tena. Libérate na Frédéric walikwenda kwenye kituo cha mpakani cha Kavimvira asubuhi, wakasimama upande wao katikati ya watu na mizigo. Walimwona Akimana kwanza, amekonda, kitenge kikubwa begani. Pembeni yake alikuwa anatembea mtoto mrefu, kichwa kimenyolewa, gauni limempita kimo. Libérate alitafuta nyuma yao mtoto wake mdogo, kwa nukta moja tu, kisha akaelewa.

"Huyu ni nani?" Akimana alimuuliza mtoto kwa Kirundi.

Mtoto aliangalia juu bila woga. "Ni Libérate."

Alilitamka jina kama Akimana anavyolitamka, kwa mvutano uleule mwishoni. Maana mtoto yule kila siku alisikia, "Njoo usalimie Libérate," simu ilipolia. Alikuwa amejifunza vizuri.

"Sema mama," Akimana alimwambia, ameona haya.

"*Oya*," mtoto akasema.

Akimana alikaa nao siku chache, kisha akarudi kwa dada yake kungoja habari za shamba. Délice alimlilia kilio kisicho na machozi, mdomo wazi, akipiga mlango mpya ambao baba yake aliuchomelea kwa ajili ya chumba chake.

Libérate alifikiri sasa kazi ni yake na anaiweza. Alikuwa na miaka ya kufidia. Alimletea chaki za rangi na vibao vya mbao. Akamuuliza hii ni rangi gani, hapa ziko ngapi, kitu gani kikubwa kuliko kingine. Mtoto aligeuza uso akaangalia ukutani. Hakujua Kiswahili ila salamu, na Kifaransa hakukijua kabisa. Alishika chaki kama mtu anayeshika mwiko. Darasani alikaa kimya karibu na mlango, na Héritier, ambaye Libérate alikuwa amemwota kama rafiki yake, alimwangalia mara moja akarudi kwenye mchezo wake. Hawakufanana kwa lolote. Miezi yote ile Libérate alikuwa amemlea mtoto kichwani mwake, na mtoto huyo hakuwa huyu.

Huyu alipopewa kikombe alikipokea kwa mikono miwili akainamisha kichwa. Huyu alikula maharagi moja moja. Aliifunga mgongoni chupa tupu ya maji, akaibembeleza, akaitingisha na kuikemea kwa Kirundi, kwamba mtu haombi chakula kikiwa bado motoni. Aliogopa kelele za pikipiki lakini hakuogopa nyoka wa majani aliyeingia uani. Alisimama tu, akaita mkubwa kwa sauti ya chini. Libérate aliangalia vitu hivyo kama mtu anayetazama nyumba ya jirani kupitia dirishani. Kila kimoja kilikuwa na siku yake ya kwanza, na siku hiyo ilikuwa imepita kule bondeni.

"Nilirudishiwa mutoto aliyekwisha kutengenezwa," alimwambia Frédéric.

Frédéric alifikiri. "Iko na miaka mitatu," alisema. "Hajakwisha."

Alasiri moja ya joto, Libérate alimkalisha Délice juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamwosha miguu iliyojaa vumbi. Mtoto alishika kidole chake gumba cha mguu, akaanza kusema peke yake kwa Kirundi maneno ya mchezo: huyu anabaki kulinda mlango, huyu anakwenda mtoni, huyu anabeba mtungi, na akafika kidole cha nne akanyamaza ili apumue. Mdomo wa Libérate ukasema wenyewe, "Huyu ameteleza." Na juu ya kidole kidogo, "Na huyu anacheka mpaka analia."

Hakujua kwamba bado anao mchezo ule. Tangu utoto hakuufikiria hata mara moja.

Délice alimkazia macho. "Nani alikufundisha?"

"Nyogokuru wako," alisema, kwa neno la Kirundi la bibi.

"Nyogokuru wangu?"

"Ndiyo. Aliniosha miguu kule Kiringye. Mimi nilikuwa mdogo kama weye. Ni mama yangu."

Mtoto alikaa na habari hiyo. Maji yalimtiririka miguuni, na uso wake ulikuwa na ile kazi ambayo Libérate huiona darasani, mtoto anapogundua kwamba mwalimu naye ana nyumba na kitanda.

"Basi weye uko mutoto wa nyogokuru."

"Ndiyo."

"Na miye niko mutoto wa nyogokuru."

Libérate alitaka kusema hapana. Alitaka kusema neno alilolingojea miaka yote ile. Alimfuta mguu mmoja, kisha wa pili.

"Ndiyo," alisema. "Sisi wote wawili."

Tangu siku hiyo aliacha vibao vya mbao. Nyumbani akaanza kuongea Kirundi, ambacho alikuwa amekiacha kwa ajili ya mji na kazi, na mtoto akawa anamcheka kwa maneno aliyoyasahau na kumsahihisha. Délice alijifunza Kiswahili darasani bila kufundishwa, kwa kugombania mpira. Akawa anamwita Mama Libérate, yote mawili pamoja, na mpaka leo ndivyo anavyomwita. Libérate hajamwambia apunguze.

Barabara ya bondeni ilipotulia, Akimana alikuja Mulongwe na mfuko wa mchele wa kwao. Libérate alikuwa amemngojea kwa shauku ambayo hakumwambia mtu. Alimkalisha barazani, akamtengenezea bugari ya unga wa muhogo na sombe ya majani yake, na mtoto alipokwenda kucheza akaanza kumuuliza polepole. Alitaka yote. Alicheka lini kwa sauti? Neno lake la kwanza kabla ya *oya* lilikuwa nini? Siku ya kuvuka mto alilia?

Akimana alijibu kwa moyo wote. Alisimulia jinsi mtoto alivyokataa uji wa mtama mpaka akawekewa kijiko chake mwenyewe. Jinsi alivyomkuta amelala ndani ya kapu la mpunga, baada ya kumtafuta kijiji kizima. Jinsi alivyolia kwa sababu kivuli chake kilimfuata.

"Kivuli?" Libérate aliuliza. "Alikuwa na umri gani?"

"Mudogo. Kaka yako Sévère akamwambia akikanyage, akakikanyaga mpaka akachoka."

"Mama. Sévère alikufa Délice hajazaliwa."

Akimana alisugua goti lake kwa kiganja, akaangalia njia ambako watoto walikuwa wanakimbizana.

"Basi ni weye," alisema. "Kivuli ni cha kwako. Na kapu pia, nafikiri. Uji ni wa Délice." Akasita. "Hata uji sijui. Mulikuwa mumoja, mwanangu. Kiwanja ni kile kile, na mikono ni yangu. Mutanisamehe."

Libérate alikuwa na kiu ya miaka miwili na nusu, na chombo kilichokuwa na maji hayo kilikuwa kimevuja. Hakuna tena duniani mtu anayeijua miaka ile ya Délice. Mwenyewe ataisahau, kama Libérate alivyoisahau ya kwake, ikabaki mikono miwili inayopokea kikombe na mchezo wa vidole vya miguu. Alimwangalia mama yake, mdogo ndani ya kitenge chake, akaona kwamba mwanamke huyu ndiye aliyebeba mwanzo wao wote wawili, na kwamba naye alikuwa anachoka.

"Niambie ya kivuli tena," alisema. "Sévère alisema nini?"

Akimana akasogea vizuri kwenye kiti, akaanza upya. Délice alikuja mbio kutoka njiani, jasho limemtoka, akapanda mapajani kwa bibi yake bila kuomba ruhusa, akasikiliza. Hakuuliza hadithi ni ya nani. Hadithi ilipofika mahali pa kukanyaga kivuli, alishuka, akasimama kwenye jua, akatafuta chake.